Mume wa Makamo na Kumbukumbu Zake: Maksuudi, Ridhaa na Yona

Utangulizi

Nilipokuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, nilikutana na jibu lililonikwaza. Swali lilimtaka mtahiniwa aeleze sifa nne za Yona katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Wengi waliandika yale yale: mlevi, katili, mwenye taasubi ya kiume, mwenye majuto. Msichana mmoja aliandika sifa yake ya kwanza kuwa ni mtu anayekumbuka. Mwongozo wa kusahihisha, ambao niliuandaa mimi mwenyewe, haukuwa na sifa hiyo. Nikaikata kwa kalamu nyekundu na kumnyima alama.

Siku ya kurudisha karatasi, msichana huyo alinifuata hadi kwenye mlango wa chumba cha walimu. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kama Yona hakumbuki, majuto yake yametoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia alama zake, lakini swali lenyewe nilikwenda nalo nyumbani. Mimi pia ni mume na baba, na bado sijafika umri wa Yona, lakini njia ya kuelekea huko naiona.

Makala haya yanajaribu kulijibu swali la mwanafunzi huyo. Yanachunguza namna mume wa makamo anavyosawiriwa akiwa nyumbani kwake katika kazi tatu zilizowahi kusomwa au zinazosomwa katika shule zetu: riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na tamthilia ya Bembea ya Maisha ambayo ilianza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2023. Hoja kuu ni kwamba mhusika wa aina hii hawezi kueleweka kwa orodha ya sifa peke yake. Sharti tuulize mambo matatu: anakumbuka nini, anakumbuka lini, na ni nani anayemsikia akikumbuka. Jibu la swali la tatu, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua hatima yake.

Mume wa makamo ni nani?

Kwa kawaida tunaposema mtu wa makamo tunamaanisha yule ambaye si kijana na bado si mzee. Katika fasihi, hata hivyo, umri huu hauhesabiwi kwa miaka tu. Mume wa makamo ni yule ambaye maamuzi makubwa ya maisha yake amekwisha kuyafanya. Ameoa, amezaa, amejenga au ameshindwa kujenga, na sasa anaishi ndani ya matokeo ya maamuzi hayo. Kijana katika riwaya huuliza atakuwa nani. Mume wa makamo huuliza imekuwaje akawa huyu aliye. Swali la kijana huizaa safari, na swali la mume huyu huzaa kumbukumbu.

Ndiyo sababu mbinu rejeshi hutumika sana panapokuwa na mhusika wa namna hii. Mwanafunzi huzoea kuitaja mbinu rejeshi kama pambo la mtindo: anaitambua, anatoa mfano, anapata alama mbili, anaendelea. Katika kazi tunazozijadili, mbinu hii ni sehemu ya ujenzi wa mhusika wenyewe. Ukiziondoa kumbukumbu za Ridhaa katika sura ya kwanza ya Chozi la Heri, hubaki na mtu aliyesimama mbele ya magofu bila kusema lolote.

Aidha, mume wa makamo huonekana vyema zaidi katika mambo madogo ya kila siku: chakula kimeiva au hakijaiva, nani amelipa bili ya hospitali, mgeni atalala wapi, mtoto amerudi saa ngapi. Watahiniwa wengi huyaruka mambo haya wakikimbilia maudhui wanayoyaona makubwa kama vile uongozi mbaya, ufisadi na migogoro ya ardhi. Maudhui hayo ni muhimu, lakini msomaji asisahau kwamba mwandishi huyapitisha jikoni na sebuleni kabla hayajafika barabarani.

Maksuudi: anayekumbuka baada ya nyumba kubomoka

Walimu waliofunza katika miaka ya 2000 wanamkumbuka Bwana Maksuudi wa Utengano. Ni mtu wa cheo na mali. Nyumbani kwake amewafungia mkewe, Bi Tamima, na bintiye, Maimuna, wasitoke nje. Anapokuwa nje anahesabiwa kuwa mheshimiwa, ilhali mwenendo wake na wanawake wengine, akiwemo Kazija, ni kinyume kabisa cha heshima anayoidai nyumbani.

Siku inayoivunja familia hii ni siku ambayo katika nyumba nyingine ingekuwa ya furaha. Tamima ana uchungu wa kuzaa. Maimuna analazimika kutoka ili mkunga apatikane, na mkunga mwenyewe ni Farashuu, ambaye ana kisasi na Maksuudi. Maksuudi anaporudi, hamwoni mke aliye katika hatari wala mtoto anayezaliwa. Anaona amri yake imevunjwa. Anampiga Tamima na kumtaliki katika hali hiyo hiyo. Maimuna anaitoroka nyumba, na maisha yake yanaporomoka hadi katika danguro na ulevi.

Tukimwuliza Maksuudi swali letu la kwanza, anakumbuka nini, katika sehemu hii ya riwaya jibu ni kwamba hana haja ya kukumbuka. Mtu mwenye mamlaka kamili nyumbani hana wa kumwuliza jana ilikuwaje. Anaishi katika leo ya amri. Mwandishi anatuonyesha jambo zito hapa: udikteta wa nyumbani hauna kumbukumbu. Mke na mtoto ndio wanaokumbuka, maana wao ndio wanaohesabu siku za kifungo.

Kumbukumbu inamfikia Maksuudi baada ya cheo kumtoka, mali kuyeyuka na watu kumtupa. Hapo ndipo anapoyatazama maisha yake na kuomba msamaha kwa wale aliowakosea. Walimu wengi hulitumia tukio hili kufunza maudhui ya toba na methali kwamba majuto ni mjukuu. Ni sawa, ila tusiishie hapo. Tuulize swali la tatu: ni nani anayemsikia? Familia aliyokuwa nayo imekwisha tawanyika. Maimuna aliyeondoka akiwa mwari ambaye hakuujua ulimwengu si yule anayekutana na baba mwombaji. Mke aliyetalikiwa akiwa katika uchungu wa uzazi hawezi kurudishiwa siku ile. Maksuudi anakumbuka kwa uaminifu, lakini kumbukumbu yake haina tena nyumba ya kuikarabati. Ni toba ya kweli iliyokosa mahali pa kufanyia kazi.

Ridhaa: anayekumbuka juu ya majivu

Ridhaa wa Chozi la Heri ni kinyume cha Maksuudi kwa mambo mengi. Ni daktari, mtu wa bidii, mume na baba anayeipenda familia yake. Tunakutana naye akiwa amesimama mbele ya mabaki ya nyumba iliyoteketezwa. Ndani ya moto huo walikuwamo mkewe Terry, bintiye Annatila, mkaza mwanawe Lily na mjukuu wake Becky. Aliyehusika na unyama huo ni jirani, Mzee Kedi, mtu ambaye Ridhaa aliishi naye kwa wema kwa miaka mingi. Wasomaji wengi nchini huihusisha riwaya hii na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, ambapo Tume ya Waki ilirekodi vifo 1,133. Takwimu hiyo tunaweza kuikariri kwa urahisi. Kazi ya Matei ni kutuingiza ndani ya nyumba moja tu miongoni mwa nyumba nyingi zilizoteketea.

Je, Ridhaa anakumbuka nini? Msomaji angetarajia akumbuke mali, maana alikuwa na mali. Mali imo, lakini iliyo na uzito zaidi ni mazungumzo. Anayakumbuka mazungumzo yake na Annatila, ambaye wenyewe walimwita Tila, kuhusu historia ya nchi, ukoloni na umiliki wa ardhi. Binti anazungumza kama wakili, baba anamsikiliza, anampinga, anamkubali. Hapa kuna familia ambayo binti ana sauti mbele ya babake. Mtahiniwa akiulizwa nafasi ya mwanamke katika riwaya hii, asikimbilie tu kumtaja Mwekevu na siasa zake. Aanze na Tila katika mazungumzo ya nyumbani.

Ridhaa anakumbuka pia alivyotengwa na watoto wenzake siku zake za mwanzo shuleni, kwa kuwa familia yake ilihesabiwa kuwa ya wageni, wafuata mvua. Kumbukumbu hii ya utotoni inawekwa karibu na moto wa utu uzima, na kuwekwa huko si kwa bahati. Mwandishi anatuambia kwamba moto ulianza zamani, kwa maneno ya watoto waliosikia maneno ya wazazi wao. Jina la mfuata mvua lilikuwa njiti ya kiberiti iliyosubiri kuwashwa kwa miaka mingi. Mtahiniwa anayeandika kuhusu ukabila katika riwaya hii bila kuitaja kumbukumbu hii ya shuleni anaacha ushahidi wake mzito zaidi mezani.

Ridhaa anakumbuka lini? Anakumbuka kabla hajaweza kulia vizuri. Na ni nani anayemsikia? Hakuna. Terry hayupo, Tila hayupo. Anaowazungumzia ndio ambao hawawezi kumjibu. Hili ndilo linaloifanya sura ya kwanza iwe nzito kuisoma darasani. Nimewahi kuona darasa zima likinyamaza katika sehemu hii, kisha kijana mmoja akaomba ruhusa kutoka. Sikumwuliza sababu. Katika eneo ambalo nimefundisha, wapo wanafunzi ambao wazazi wao hawajawahi kuwasimulia yaliyowapata mwaka 2008, na kitabu teule ndicho kilichowafungulia mlango huo.

Hata hivyo, mwandishi hamwachi Ridhaa juu ya majivu. Mwanawe, Mwangeka, aliyekuwa ng'ambo katika shughuli za kudumisha amani, anarudi. Baba anapata msikilizaji. Baadaye Mwangeka naye, aliyempoteza Lily na Becky, anamwoa Apondi, na wanampokea Umulkheri awe mtoto wao. Tuelewe uhusiano uliopo: familia mpya haijengwi kwa kuisahau ya zamani. Inajengwa na watu wanaokumbuka kwa pamoja. Chozi linakuwa la heri pale linapopata mtu wa kulishuhudia.

Yona: anayekumbuka mkewe akiwa hai

Sasa tumrudie Yona, aliyemfanya mwanafunzi wangu anikosoe. Yona ni mume wa Sara na baba wa mabinti watatu, Neema, Asna na Salome. Aliwahi kuwa mwalimu. Pombe ilimpokonya kazi hiyo. Tamthilia inapoanza Sara anaugua, na jirani yake, Dina, ndiye anayemfaa kwa kazi za jikoni. Chakula, ambacho watahiniwa hukiona kuwa jambo dogo, ndicho kinachotufungulia ndoa hii. Mke mgonjwa bado anadaiwa chakula kwa wakati. Kabla hatujasikia lolote kuhusu historia ya wawili hawa, tumekwisha kuelewa nani hutarajiwa kumhudumia nani.

Kisha historia inajitokeza kidogo kidogo katika mazungumzo. Ndoa ilikaa bila mtoto, na watu wakasema. Watoto walipokuja, walikuja wa kike, na watu wakasema tena. Yona alishindwa kuyabeba masimango hayo. Akaitafuta pombe, na uchungu ambao hakuweza kuwarudishia waliomcheka akaurudisha nyumbani, kwa Sara. Hapa ndipo mtahiniwa anapotakiwa kuwa makini. Kueleza chanzo cha ukatili si kuutetea. Jamii ilimwumiza Yona kwa maneno, na Yona akamwumiza Sara kwa mikono. Mambo yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine. Jibu linalomwita Yona katili na kuishia hapo limeona nusu. Jibu linalomwita mwathiriwa wa mila na kuishia hapo limeona nusu nyingine, na nusu hiyo ni ya hatari zaidi, kwa kuwa inamfunza msomaji kijana kwamba mwanamume aliyechekwa ana ruhusa ya kupiga.

Kuna kinaya katika tatizo la Yona ambacho hakifai kumpita mtahiniwa. Mabinti waliomfanya achekwe ndio wanaoibeba familia. Neema ndiye anayehangaikia matibabu ya mamake, na Asna ndiye anayempa mama mahali pa kulala mjini. Kile ambacho jamii ilikiita upungufu ndicho kilichogeuka nguzo. Yona anapoutazama ukweli huu, kumbukumbu ya miaka aliyoipoteza kwa kuhuzunikia mtoto wa kiume asiyezaliwa inageuka kuwa hukumu dhidi yake mwenyewe.

Tofauti kubwa kati ya Yona na wale wawili tuliowatangulia iko katika swali la tatu. Yona anakumbuka na kujuta Sara akiwa hai. Msikilizaji yupo. Anaweza kumjibu, kumsahihisha, kumkumbusha alilosahau. Kwa hiyo majuto yake yanaweza kugeuka kuwa matendo, na ulevi unaweza kuachwa. Maksuudi hakuipata nafasi hiyo kwa sababu aliibomoa nyumba. Ridhaa hakuipata kwa sababu wengine waliichoma. Yona anaipata, na tamthilia inamwonyesha akiishika akiwa amekwisha kuchelewa sana, lakini si kupita kiasi. Bembea ya jina la tamthilia haiishii kwenye kupanda na kushuka kwa bahati. Ni pia kurudi nyuma ili kupata nguvu ya kwenda mbele, kama anavyofanya mtoto yeyote aliyewahi kukalia bembea.

Aina ya utanzu na shahidi wa kumbukumbu

Yafaa tuunganishe hoja hii na utanzu. Katika riwaya msimulizi anaweza kuingia akilini mwa mhusika na kutusimulia anachokikumbuka, hata kama mhusika yuko peke yake. Ndivyo inavyokuwa kwa Ridhaa. Katika tamthilia hakuna msimulizi wa kutufanyia kazi hiyo. Isipokuwa mhusika atumie uzungumzinafsi, hana budi kuitamka kumbukumbu yake mbele ya mhusika mwingine. Kwa hivyo kumbukumbu katika tamthilia karibu kila mara huwa na shahidi, na shahidi ana haki ya kupinga.

Hii ndiyo sababu ni kosa kuzieleza mbinu za kimtindo bila kuzifungamanisha na utanzu. Mtahiniwa akisema kuna mbinu rejeshi katika Bembea ya Maisha, aendelee kueleza ni nani anayerejesha, mbele ya nani, na aliyesikia amejibu nini. Hapo atakuwa ametoka katika kutambua na kuingia katika kuhakiki.

Kumbukumbu ya mume ipimwe kwa ya mke

Yapo mazoea mengine ya kusahihishwa. Tunapomsoma mume wa makamo, tunaweza kuvutiwa na huzuni yake hata tukamsahau aliyeishi naye. Dawa yake ni kuweka kumbukumbu za wawili hao ubavu kwa ubavu. Miaka ambayo Yona anaikumbuka kuwa ya fedheha yake mbele ya wanaume wenzake, kwa Sara ilikuwa miaka ya kipigo. Masimango ya ugumba yaliwaelekea wote wawili, lakini Sara hakuwa na pombe ya kukimbilia wala mtu wa kumtwika uchungu wake. Mwili wake unaougua ni kumbukumbu pia, ingawa haisemi kwa maneno.

Kwa upande wa Tamima katika Utengano, kumbukumbu yake ni ya kuta. Kwa Terry, kumbukumbu yake imekatizwa, nasi tunampata kupitia mumewe tu. Swali zuri la kujadili darasani ni hili: Terry angekumbuka nini kuhusu Ridhaa? Wanafunzi wangu walilijadili kwa kipindi kizima, na wasichana walisema mengi kuliko wavulana.

Mhusika mwalimu na sisi walimu

Nikiri jambo moja kabla ya kuhitimisha. Yona ananigusa kwa kuwa ni mwalimu. Wala si mwalimu wa kwanza wa aina yake katika fasihi yetu. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) yupo Zakaria, naye aliyekuwa mwalimu na kuharibiwa na pombe, naye baba wa mabinti wengi. Anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana, na hofu aliyoipanda siku hiyo inachangia kuyapotosha maisha ya binti. Takriban nusu karne imepita kati ya Zakaria na Yona, na bado waandishi wetu wanamrudia mwalimu mlevi mwenye mabinti.

Kwa nini mwalimu? Nadhani ni kwa sababu jamii imemkabidhi mwalimu watoto wa wengine, na hivyo kushindwa kwake nyumbani kunaonekana zaidi. Mchana anaelekeza, usiku anapotea. Yona amerithi sehemu ya maovu ya Zakaria, lakini Arege amempa nafasi ya kutazama nyuma na kuona. Hatua hiyo ni maendeleo katika usawiri wa mwanamume wa Kiafrika katika fasihi yetu: kutoka baba anayeogopwa hadi baba anayeulizwa, na kutoka anayeulizwa hadi anayejiuliza.

Bunju, mume wa Neema, bado yuko njiani. Ni mtu wa kupima gharama, na mila inapomfaa anaitumia: mama mkwe hawezi kulala kwa mkwewe. Sara anaishia katika makao duni ya Asna ilhali Neema ana nyumba nzuri. Bunju hapigi wala halewi, na kwa sababu hiyo watahiniwa humpita bila kumkagua. Lakini yeye ndiye mume wa makamo wa kesho. Siku moja ataukumbuka usiku ambao mama mgonjwa hakupewa kitanda nyumbani kwake, na hatujui ni nani atakayekuwa karibu amsikie.

Mwongozo kwa mtahiniwa

Tuchukue swali la mfano: "Yona ni mwathiriwa na ni mdhulumu kwa wakati mmoja." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

Mtahiniwa azingatie yafuatayo.

Kwanza, asigawe jibu katika vipande viwili visivyosemezana, kumi za mwathiriwa na kumi za mdhulumu. Aonyeshe namna jambo moja linavyozaa jingine. Mathalan, masimango ya kukosa mtoto wa kiume yanazaa ulevi, ulevi unazaa kipigo na kupotea kwa kazi, na kupotea kwa kazi kunaongeza fedheha iliyouzaa ulevi.

Pili, kila hoja iwe na mfano unaotokana na tukio, si jina la sifa peke yake. Neno katili bila tukio halina alama. Tukio lililoelezwa vizuri, hata mtahiniwa akilikosa neno kamili la sifa, humwonyesha msahihishaji kwamba kitabu kimesomwa.

Tatu, awape nafasi wahusika wengine kumpima Yona. Sara, Neema, Dina na marafiki zake Yona, Beni na Luka, hawamwoni kwa jicho moja. Tofauti za macho hayo ni hoja tosha.

Nne, amalizie kwa mabadiliko. Mhusika anayekumbuka na kubadilika ni mhusika duara. Atakayelitaja hilo aeleze kilichomgeuza, asiishie kusema kwamba amegeuka.

Kwa walimu wenzangu, ninaomba jambo moja dogo. Tunapoandaa miongozo ya kusahihisha, tuache nafasi kwa hoja ambayo sisi hatukuifikiria, mradi tu ina ushahidi kutoka kitabuni. Mwongozo ni taa, na taa huangaza pale tu ilipoelekezwa.

Hitimisho

Tumeona waume watatu wa makamo. Maksuudi alikumbuka baada ya nyumba yake kutawanyika, na toba yake ikakosa mlango wa kubisha. Ridhaa aliikumbuka nyumba iliyojaa upendo, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwitikia, hadi mwanawe aliporudi. Yona alikumbuka mkewe akiwa hai, na kwa hivyo yeye pekee ndiye aliyepata nafasi ya kusema samahani na kujibiwa. Waandishi hawa hawatuombi tuwapende wanaume hawa. Wanatutaka tuwasikilize hadi mwisho kabla ya kuwahukumu, na tuwape wake zao muda ule ule.

Msichana aliyenifuata kwenye mlango wa chumba cha walimu alimaliza Kidato cha Nne na kwenda zake. Siku ya mwisho alikuja kurudisha nakala ya shule ya Bembea ya Maisha. Aliniambia kwamba alikuwa amempa babake kitabu hicho likizo ya Agosti. Nikamwuliza babake alisemaje. Akanijibu kwamba alikisoma chote kwa siku mbili, akakirudisha mezani bila neno, kisha jioni hiyo akaenda jikoni kumwuliza mamake kama anahitaji kusaidiwa.